Daktilo na Safu ya Nne

Safari ya kutoka Tabora hadi Kigali ilinichukua siku kumi na moja, ingawa kwenye ramani ya shule haikuzidi urefu wa kidole changu. Nilipanda treni hadi Isaka nikiwa na kisanduku cha bisibisi, chupa ya mafuta ya cherehani na brashi mbili za kusafishia herufi. Isaka nilingoja lori siku tatu. Kahama lori likavunja springi. Kutoka Lusahunga nilikaa juu ya magunia ya chumvi, vumbi jekundu likiniingia mpaka kwenye meno. Tulipofika Rusumo, askari wa mpakani akafungua kisanduku changu, akatoa kipande cha chuma chenye herufi R, akauliza kama ni sehemu ya bunduki.

"Ni herufi, afande. Ya mashine ya kuandikia."

Alikitazama kile chuma kwa muda, kisha akanirudishia kwa shingo upande, kama mtu ambaye hajaamini.

Ulikuwa mwaka wa tisini, miezi michache kabla ya vita kuanza kaskazini. Sikuwa na sababu ya kwenda Kigali. Nilikwisha kaa Kigoma, Bujumbura na Bukoba, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kujua majina ya mbwa wa jirani, ndipo nikafunga mzigo. Kigali nilikaa karibu miaka minne. Leo nina umri ambao mtu huanza kuhesabu miji badala ya miaka, na nikiulizwa kwa nini nilikaa kule muda mrefu hivyo, jibu langu ni mwanamke mmoja aliyelingana umri na mama yangu, ambaye mtaa mzima wa Remera ulimwita Daktilo. Ndivyo walivyomwita mpiga chapa, kwa Kifaransa walichorithi maofisini.

Alikuwa na meza chini ya paa la bati karibu na kituo cha takisi cha Remera, pale ambapo siku za mechi ungeweza kusikia kelele za uwanja wa Amahoro. Asubuhi alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali ambayo sina haja ya kuitaja. Alasiri alikaa mezani kwake na mashine mbili, moja nzima na moja mgonjwa daima. Ile mgonjwa ndiyo iliyotukutanisha.

"Weye iko fundi kweli, ao iko mutu ya kufungua tu?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nafungua na nafunga, Mama."

"Kufunga ndiyo kazi. Kufungua hata mwizi anajua."

Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu anayebeba maji, na vidole vyembamba ambavyo havikufanana na mwili wake. Alivaa miwani miwili: mmoja puani, mwingine ukining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Hakuwahi kukaa akiipa barabara mgongo. Nilipomhamishia meza ili apate mwanga mzuri, aliirudisha kesho yake. Mwanga ungetoka kushoto, lakini barabara ingekuwa nyuma.

Alikuwa mwoga, na hakuficha. Aliogopa mbwa, radi, pikipiki zinazopunguza mwendo, na watu wanaouliza swali ambalo jibu lake wanalo. "Mimi niko mwoga," alisema, "ndiyo maana naona mbali." Lakini mtu huyohuyo alifungua redio kwa sauti ya juu kabisa, akaijibu kwa sauti kubwa zaidi, na kituo kizima kikasikia maoni yake juu ya mawaziri. Alinikataza kusema jina la mteja yeyote, kisha akaniuliza jioni hiyohiyo kama nimesikia mwalimu fulani anaachana na mkewe. Alikuwa na siri za nusu ya Remera kichwani, na kuzinyamazia kulimtesa kama njaa.

Kitu kimoja hakukosea kamwe. Kila barua aliyopiga kwa nakala, alitoa karatasi ya juu, akatoa nakala, kisha akaitoa na ile karatasi nyeusi ya kaboni iliyokaa katikati, akaikunja na kumpa mteja pamoja na barua yake. Wapiga chapa wengine walitumia kaboni moja mpaka ikapauka. Yeye alitumia moja kwa barua moja. Nilimwambia ni uharibifu. Akachukua kaboni moja iliyotumika, akaiinua kwenye jua, akaniambia nisome. Nilisoma barua nzima ya mtu anayemwomba mkwewe msamaha.

"Hii maneno iko ya nani?"

"Ya yule mzee aliyetoka sasa."

"Basi kwa nini ibaki kwangu?"

Sababu yake niliijua baadaye, na aliisimulia mara moja tu, akipangusa mashine ambayo tayari ilikuwa safi. Kabla sijafika aliwapigia wanakwaya wa parokia orodha yao: jina, sauti anayoimba, nyumba anayokaa. Kaboni akaitupa kwenye kikapu. Vita vilipoanza mwezi wa kumi, na watu wakaanza kukamatwa mjini, wakamataji walikuja nyumbani kwa waimba besi wawili na mwimba soprano mmoja, mkononi wakiwa na karatasi nyeusi. Waliisoma kwa kuiinua kwenye tochi. Mmoja wa wale waimba besi alirudi baada ya miezi mitano. Aliendelea kuja kanisani, akasimama na wenzake kwenye mstari, lakini hakufungua mdomo tena.

"Nilipanga majina vizuri," alisema Daktilo. "Hata namba za nyumba niliziweka kwa mustari moja. Kama ningekuwa daktilo mubaya, wangekosa njia."

Basi mwanzoni mwa mwaka uliofuata yalipoanza mazungumzo ya katiba mpya, watu wote wakisema vyama, vyama, yeye alikuwa na jambo lake. Ofisini kwake walikuwa wameleta kompyuta. Nilikwenda kuiona kutoka mlangoni: sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, lenye herufi za kijani. Walimkabidhi yeye kwa sababu hakuna aliyepiga haraka kama yeye. Aliporudi mezani alasiri ile hakufungua redio.

"Mutanzania, nimetafuta kaboni yake. Haina."

"Kompyuta haina kaboni, Mama."

"Nimeona. Iko kaboni yote, kutoka juu mpaka chini. Kila kitu unaandika inabaki."

Kwa majuma kadhaa tulizungumza hilo tu. Nilikuwa na elimu ya sekondari, na nilidhani najua katiba ni nini: bendera, rais, bunge, uhuru wa kusema. Yeye alikuwa amepiga chapa vifungu vya katiba ya zamani mara nyingi sana, kwa ajili ya mawakili na wanafunzi, hata alivijua kwa namba. Alisema iliandikwa na watu waliojua mlango na bahasha. Ilikataza mtu kuingia nyumbani kwako bila sheria, na kufungua barua yako, na kusikiliza simu yako. Sasa ilikuwa imekuja mashine ambayo haihitaji kuingia kwako wala kufungua barua yako, kwa sababu wewe mwenyewe umekwisha wekwa ndani yake.

"Lakini kila mtu ana kitambulisho, na mambo hayohayo yameandikwa humo," nilimwambia. Hata kabila liliandikwa. Watu walilizoea neno hilo kama walivyozoea namba ya kiatu.

"Umva, mwana wanjye, sikia mutoto yangu. Kitambulisho iko moja moja, mufukoni. Mutu akitaka kujua wote wa Remera, atagonga kila mulango, atachoka, atapata kiu, atarudi nyumbani. Hii mashine unagonga na kidole moja. Inawapanga wote kwa mustari. Haichoki."

Tuliandika kifungu pamoja, mimi kwa Kiswahili changu cha shule, yeye akikigeuza kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Kilikuwa na mambo mawili tu. Kila mtu awe na haki ya kusomewa kilichoandikwa juu yake ndani ya mashine. Na awe na haki ya kukifuta kisichohitajika. Aliweka jina lake chini, na sahihi. Nilimuuliza kama haogopi kuweka jina. Akasema barua isiyo na jina ni ya wachawi.

Watu wa kukusanya maoni walikuja Remera siku ya Jumamosi, wakakaa mbele ya ukumbi wenye viti vya shule. Wasemaji wote walisema vyama. Daktilo aliposimama, miwani yote miwili ikiwa imevaliwa kwa bahati mbaya, mmoja juu ya mwingine, alisoma kifungu chake bila kuinua macho.

Mwanamume mmoja wa viti vya nyuma akasema, "Mama, Kigali nzima iko kompyuta ngapi? Tano? Unataka sheria ya mashine tano?"

Ukumbi ukacheka. Hata wale wa mezani walicheka.

"Na bunduki ilianza na moja," alijibu, akakaa.

Kicheko kilikatika vibaya. Hapo nilimwona mtu aliyekaa mstari wa kwanza, mwenye koti jeusi, akigeuka kumtazama, kisha akitoa daftari dogo. Daktilo naye alimwona. Tulipotoka nje alinishika mkono wa shati.

"Ameniandika."

Katiba mpya ilitoka katikati ya mwaka. Aliisoma mezani kwa kidole, wateja wakimngoja. Barua zilikuwemo. Simu zilikuwemo. Aligeuza ukurasa wa mwisho kuona kama kuna kitu nyuma yake. "Wameandika hata telegramu," alisema, "na hakuna mutu anapeleka telegramu." Akaifunga, akauliza nani anafuata.

Mtu wa kwanza kumjibu juu ya kifungu chake alikuja kama mteja. Nilikuwa pembeni ya meza, nimeifungua ile mashine mgonjwa mpaka mbavu. Kijana mnene, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alisema Kiswahili cha madereva.

"Nataka barua, Mama."

"Kwa nani?"

"Andika: Kwa Daktilo wa Remera."

Daktilo alinyoosha karatasi kwenye mashine. Kisha akapiga.

"Tumesikia maneno yako kwenye mukutano. Tunajua nyumba yako. Tunajua saa unatoka kanisani."

"Kanisani ao misa?" akauliza Daktilo, macho kwenye karatasi. "Mimi naendaga misa ya saa moja. Kama iko ile, andika misa."

Yule kijana akasita. "Andika misa."

"Endelea."

"Ukirudia, hautaandika tena."

"Hapa unataka nukta, ao alama ya mushangao?"

"Nukta."

"Nukta iko muzuri zaidi. Kopi ngapi?"

Alitaka moja. Daktilo alimpa barua, akampa nakala, akakunja kaboni na kumpa pia. Kijana aliishika kwa ncha za vidole, hakujua aiweke wapi, akaitia mfukoni mwa shati lake jeupe. Barua yenyewe aliiacha mezani, kwa kuwa mwandikiwa alikuwa hapohapo, akaenda zake. Daktilo aliniomba nimwekee karatasi mpya kwenye mashine.

"Labda walikuona tu ukitoka misa," nilisema.

"Kuona hakuna shida. Kuna mahali imeandikwa."

Tangu siku ile alibadilisha misa. Baada ya majuma mawili alirudi kwenye ya saa moja, kwa sababu, alisema, padri wa saa tatu anahubiri kama mtu anayeuza kitanda.

Kazi ya ofisini ilizidi. Walimletea fishi za wakazi, kadi kwa kadi, azitie zote kwenye kompyuta. Kila mtu alikuwa na safu nne: jina, nyumba, kazi, kabila. Alifanya kazi hiyo zaidi ya mwaka. Nje, mambo yaliharibika polepole kama dari inayovuja. Vizuizi viliongezeka barabarani. Kutoka Gatsata, nilikopanga chumba, hadi Remera, nilitoa pasipoti yangu mara tatu, na mara tatu nilimwona mtu aliye mbele yangu au nyuma yangu akitolewa kwenye takisi. Watu walianza kusalimiana kwa kutazama mikono. Mimi nilianza kuota Tabora, lakini kila nilipopanga kuondoka mashine ya Daktilo iliharibika, au nilijiambia imeharibika.

Siku moja, mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu, niliitwa ofisini kwake. Shefu wake, mtu mpole mwenye mafua ya kudumu, alinionyesha kompyuta.

"Fundi, hii mashine ina ugonjwa. Angalia."

Niliangalia. Majina yalishuka kwa herufi za kijani, nyumba zikafuata, kazi zikafuata, na katika safu ya nne, kwa kila mtu, palikuwa na kistari kimoja kifupi. Mamia ya vistari. Daktilo alikuwa amesimama dirishani, ananipa mgongo, na mtu yule hakuwahi kumpa yeyote mgongo.

"Daktilo anasema anaandika, lakini mashine inaacha," alisema shefu. "Ni kweli?"

Sikuwahi kugusa kompyuta maishani. Nilitoa bisibisi, nikafungua mgongo wa sanduku, nikapiga brashi vumbi lililokuwamo. Kisha nikasema jambo pekee nililolijua, ugonjwa wa taipureta kuukuu.

"Upande wa kulia umechoka, shefu. Safu za mwisho hazishiki. Inatokea mashine ikiandika sana."

Shefu alifikiri, akapenga kamasi. Alikuwa ametumia taipureta miaka ishirini, na upande wa kulia kweli huchoka. "Nilidhani hivyo," alisema.

Uongo ule ulitupa majuma saba. Daktilo hakunishukuru. Aliniletea ndizi za kuchoma mezani, akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Kisha akaja mtaalamu aliyesomea Ulaya. Alikaa mbele ya mashine dakika kumi, akacheka, akamweleza shefu kwamba kompyuta haina upande wa kulia. Daktilo aliondolewa ofisini siku hiyo. Waliweka wapiga chapa watatu, wakaijaza safu ya nne kwa siku nne. Jumatatu iliyofuata, mwenye nyumba wangu kule Gatsata aliniambia watu wawili wamekuja kuuliza fundi wa mashine anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Aliniambia hivyo akiwa ameniangalia miguu.

Nilifunga kisanduku. Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa tisini na nne. Nilipata lori la kurudi Isaka, linaloondoka Nyabugogo saa nane mchana, na asubuhi nikaenda Remera kumuaga Daktilo. Nilidhani atalia, au mimi nitalia. Alitazama saa yake.

"Tuko na muda. Twende ofisini."

"Kufanya nini, Mama?"

"Ile kitu tuliandika. Kusomewa."

"Mama, katiba haikuikubali."

"Haikuikataza pia."

Nilimfuata, nusu hatua nyuma. Kwenye kaunta palikuwa na karani wa makamo aliyemfahamu, mwenye sweta la kijani, na kompyuta sasa ilikuwa imewekwa hapohapo karibu yake. Daktilo alimsalimu vizuri, akaulizia watoto wake, kisha akasema anataka kusomewa kilichoandikwa juu yake.

Karani alitazama mlango wa shefu. Ulikuwa umefungwa. "Hakuna mutu amewahi kuomba hiyo, Mama."

"Mimi naomba."

Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa sababu ni Daktilo aliyemfundisha kupiga chapa. Aligonga, akangoja, akasoma kwa sauti ya chini. Jina. Nyumba. Kazi. Ilipofika safu ya nne Daktilo alinigeukia, akaniambia niangalie takisi zinazopita, na mimi nikaangalia takisi. Sikulisikia neno lile. Miaka minne hakuniambia, nami sikuuliza.

"Na ya tano," alisema karani.

"Kuna ya tano?"

"Imeanza mwaka huu. Maelezo." Alikohoa. "'Alipinga orodha kwenye mukutano wa katiba. Aliharibu mashine akisaidiwa na mugeni.'"

"Na huyo mugeni yuko?"

Aligonga tena. Nilikuwepo. Jina langu lilikuwa na kosa moja la herufi, chumba changu cha Gatsata kilikuwa sahihi, na saa ya kutoka, na saa ya kurudi.

"Anahama leo," alisema Daktilo. "Mufute."

"Mama..."

"Mwenye kuhama anafutwa. Mimi mwenyewe niliandika ile maagizo kwenye hii mashine. Muonyeshe pasipoti yako, Mutanzania."

Karani aliangalia pasipoti, akaangalia mlango wa shefu, akabonyeza. Mstari wangu ukaondoka, na mistari ya chini yake ikapanda kuziba nafasi.

"Sasa mimi," alisema Daktilo.

"Unahamia wapi, Mama?"

Nilitaka kumjibia. Nilitaka kusema Tabora, Kigoma, popote. Lori lilikuwa na nafasi juu ya magunia.

"Nyumba yangu iko hapa," alisema.

"Basi siwezi."

"Najua. Asante kwa kusoma."

Tulirudi kituoni. Pale nilimwambia, tena na tena, twende wote. Nilimwambia Tabora ina ofisi, ina barua, ina watu wasioweza kuandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi.

"Mezani kuna watu watatu wananingojea," alisema, na kweli walikuwa watatu.

Nikaingia kwenye takisi ya Nyabugogo. Ilipopinda nilimwona amekwisha kaa, uso barabarani, na yule wa kwanza alikuwa ameanza kumtajia maneno ya barua yake.